Mazinde Ionekanavyo kutoka Irente: Njia ya Milima ya Usambara na Usomaji wa Habari za Wakilindi

Miongoni mwa vitabu tunavyowasomesha wanafunzi wetu hapa idarani, Habari za Wakilindi ndicho kinachowachosha wengi. Majina ni mengi, vita ni vingi, na watu hupanda na kushuka karibu kila ukurasa: huyu ameshuka nyikani, yule amepanda Vugha, na kabla hujafungua ukurasa mwingine wameshapishana tena. Mwanafunzi mmoja alituuliza kwa nini watu hawa hawatulii mahali pamoja. Swali lilichekesha darasa zima, lakini ni swali zuri kuliko mengi yaulizwayo juu ya kitabu hicho. Katika ukurasa huu wa historia tumeona tulijibu, na jibu hatutalitafuta maktabani peke yake bali juu ya mlima wenyewe, katika njia ya miguu itokayo Lushoto kupitia msitu wa Magamba hadi Mtae. Njia hiyo wageni huifuata siku tatu au nne kwa ajili ya kutazama mandhari. Kiswahili bado hakijakubaliana neno moja la mahali pa namna hiyo, pale ambapo njia hutoka msituni ghafla na nchi yote ikafunguka chini ya miguu. Sisi tutasema mahali pa kutazamia, mpaka wanaisimu watupe neno bora zaidi.

Kwanza tuwaweke wasomaji mahali pake. Milima ya Usambara iko kaskazini mashariki ya Tanzania, katika mkoa wa Tanga, nayo imegawanywa sehemu mbili na bonde la mto Luengera. Sehemu ya magharibi ndiyo kubwa, na ndiyo tunayoizungumzia. Sisi tunaoishi Rwanda, nchi ya milima elfu, twaweza kudhani kwamba hakuna jipya la kujifunza juu ya milima ya watu wengine. Lakini milima yetu imefuatana. Ukimaliza mmoja waanza mwingine, na bonde lililo katikati ni lako na la jirani yako. Usambara si hivyo. Ni kama meza kubwa iliyojaa mikunjo, halafu ghafla meza inakatika. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nyika iliyo chini ya magenge iko chini zaidi kwa karibu mita 1,000. Juu ni baridi, ukungu na migomba. Chini ni jua, miiba na vumbi. Wenyeji wana majina ya nchi hizo mbili: ya juu ni Shambaai, na ya chini ni nyika. Mtu wa Shambaai ni Mshambaa, na jina hilo ndilo lililogeuzwa katika vinywa vya wageni mpaka likawa Usambara.

Mahali pa kutazamia panapojulikana kuliko pote ni Irente, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu kutoka Lushoto. Njia hupita katikati ya mashamba na nyumba, na karibu na shamba la misheni wapandaji husimama kununua jibini na mkate (jambo ambalo hatulilaumu hata kidogo). Kisha ardhi huisha. Mtu husimama juu ya mwamba, na mbele yake hakuna kitu ila hewa. Chini yaonekana barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, na mbali zaidi nyika ya Wamaasai isiyo na mwisho. Wageni hupiga picha za upeo wa macho. Sisi twawaomba wasomaji wetu watazame karibu, chini kabisa ya genge, penye kijiji kiitwacho Mazinde. Aliyekwisha kusoma kitabu cha Wakilindi atalijua jina hilo.

Ili tuone kwa nini Mazinde ni jambo zito, hatuna budi kurudi nyuma mpaka Mbega, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi, ambaye wanahistoria humweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. (Wanafunzi hucheka wakisikia kwamba mfalme alikuwa na jina la kima. Ni kweli, na mbega weusi wenye mabega meupe wangali wakiruka katika miti ya Magamba hadi leo.) Masimulizi yanasema Mbega alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa sababu hiyo ndugu zake wakamnyima urithi. Akawa mwindaji wa nguruwe mwitu, akatangatanga na mbwa wake mpaka akafika chini ya milima. Watu wa juu waliuona moshi wa moto wake, wakamwendea. Yeye akawapa nyama, wao wakampa chakula cha shambani. Mwishoni wakampa nchi, akakaa Vugha.

Katika kisa hiki, nyama inatoka nyikani, chakula cha shambani kinatoka mlimani, na ufalme unazaliwa pale viwili hivyo vinapokutana. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeufanyia ufalme huu utafiti mkubwa, ameonyesha kwamba vijiji vingi vikubwa vya Washambaa vilijengwa karibu na ukingo wa milima. Haikuwa kwa ajili ya mandhari. Mtu aliyekaa ukingoni aliweza kulima migomba juu na kulima tena chini. Mvua ikikosekana huku, huenda ikapatikana kule. Na adui akija kutoka nyikani alionekana mapema. Kwa hiyo mahali tunapoita leo pa kutazamia palikuwa ghala, na palikuwa lindo pia.

Ufalme ulifikia kilele chake wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu mwanzoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1862. Wanawe aliwaweka kuwa watawala wa wilaya, naye mwenyewe akakaa Vugha, mji ulioko upande wa kusini wa milima hii, si mbali na Soni ya leo. Washambaa walimtegemea kwa mvua. Walikuwa, na wangali, na msemo wa kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu. Na mfalme ndiye aliyeweza yote mawili. Ludwig Krapf, mmisionari ambaye sisi walimu wa Kiswahili twamkumbuka kwa kamusi yake, alimtembelea Kimweri mara mbili, mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akitumaini kupata mahali pa kuanzisha misheni. Mwaka 1857 walikuja Richard Burton na John Speke kwa njia ya Pangani. Wakati huo Kimweri alikuwa mzee mgonjwa, na alichowataka wageni ni dawa ya kumrudishia afya na ujana. Hawakuwa nayo.

Alipokufa, matatizo yalipanda kutoka chini. Katika miaka hiyo misafara ya pwani ilikuwa imekwisha kuzoea kupita bonde la Pangani kwenda Kilimanjaro na mbele yake, ikichukua nguo, baruti na bunduki, na kurudi na pembe na watumwa. Misafara haikupanda mlima. Kwa nini ipande? Njia nzuri ilikuwa nyikani, chini ya magenge. Na Mazinde, chini ya Irente, alikaa Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri.

Kiti cha Vugha kilikuwa kimepewa mjukuu, Shekulwavu, kwa sababu baba yake Mshuza alikufa kabla ya Kimweri. Kwa desturi ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote. Kwa bunduki, mkubwa alikuwa ami yake aliyekaa chini. Semboja alivaa kama watu wa pwani, alijua kusema nao, na alikuwa na bidhaa za kuwapa askari wake. Kabla ya mwongo huo kwisha alikuwa amemfukuza Shekulwavu kutoka Vugha. Na hapa ndipo penye jambo linalostahili kufikiriwa na kila msomaji: Semboja hakupanda kwenda kukaa katika kiti alichokiteka. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, juu Vugha, naye akabaki Mazinde. Heshima yote ya ufalme ilikuwa juu, pamoja na makaburi, mvua na matambiko. Yeye aliviachia huko vyote, kwa kuwa alijua nguvu imekwisha kushuka.

Tukisimama Irente tukiyakumbuka haya, umbali kati ya mwamba na kijiji kile cha chini huwa ni historia ya karne nzima iliyosimamishwa wima. Waliolipa ni watu wa kawaida. Wabondei wa upande wa mashariki waliasi, ndugu zake Shekulwavu waliendelea kupigana, na vita vikadumu miaka mingi mpaka Wajerumani walipoingia. Katika vita hivyo watu wa nchi ya migomba walikamatwa na wenzao, wakateremshwa kwa njia hizihizi za magenge, wakauzwa kwa misafara na kupelekwa Pangani. Vijia tunavyovipanda kwa kuhema na kuvisifu kwa uzuri, baadhi ya watu walivishuka mara moja tu katika maisha yao. Vibao vya njiani havisemi hivyo.

Sasa turudi kwenye kitabu. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemi, aliyekitunga, hakuwa Mshambaa. Alikuwa mtu wa pwani, alifika katika nchi ya Wakilindi akiwa kijana, akakaa na wakubwa wake, na alikuwa karibu na Semboja huko Mazinde. Baadaye alitumikia serikali ya Wajerumani huko Tanga. Kitabu chake kilipigwa chapa kwa sehemu na wamisionari wa Kiingereza wa Magila, kuanzia miaka ya 1890 mpaka 1907, na mwandishi akafariki mwaka 1912. Toleo wanalolitumia wengi ni lile lililohaririwa na J. W. T. Allen na kutolewa Nairobi mwaka 1962.

Aghalabu tumekuwa tukikisifu kitabu hiki kwa Kiswahili chake, na kinastahili sifa. Nathari ya kihistoria ya Kiswahili yenye urefu na uhai wa namna hiyo ilikuwa haba mno wakati ule. Lakini tumekuwa tukisahau kuuliza mwandishi alisimama wapi. Jibu ni kwamba alisimama chini. Aliwaona Wakilindi kutoka Mazinde, penye misafara, nguo na habari za pwani, akatazama juu. Ndiyo maana maneno ya kupanda na kushuka yamejaa katika sentensi zake kama kokoto njiani. Mzee wa Vugha angalisimulia mambo yaleyale, huenda Shekulwavu angalikuwa mfalme aliyedhulumiwa na Semboja mharibifu wa nchi. Si kwamba Abdallah alisema uongo. Kila mwandishi husimama mahali fulani, na hapa twaweza kupaona hasa, kwa macho, tukiwa juu ya mwamba. Kwa maoni yetu hakuna kitabu kingine cha Kiswahili ambacho mwalimu anaweza kuonyesha msimamo wa msimulizi kwa kunyoosha kidole tu.

Wajerumani nao walifanya kama Semboja, kisha wakabadili nia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 kituo chao cha wilaya kilikuwa Mazinde, njiani mwa misafara. Baadaye kabla ya karne kwisha wakahamia juu, wakaanzisha mji walioupa jina la mfalme wao, Wilhelmstal. Huo ndio Lushoto. Baridi iliwapendeza, na reli ilikuwa ikija. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905. Mtu mwenye reli hahitaji kukaa njiani. Njia humtii hata akiwa mlimani. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida. Katika miche 1,000 iliyoagizwa ilipona 62, na kutokana na hiyo ikatoka mistari yote ile inayoonekana kutoka Irente, hata ardhi ambayo Washambaa waliilima chini ikawa ya kampuni.

Kutoka Lushoto njia yapanda kuingia Magamba, msitu wa hifadhi wenye mierezi mikubwa, baridi yake hata mchana. Humo hakuna cha kutazama ila shina lililo mbele, na mpandaji husahau kwamba ukingo uko karibu. Lakini upande wa Shume miti hukoma tena, na chini huonekana Mkumbara. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni moja ya Kijerumani ilijenga hapo njia ya kamba ya chuma iliyoning'inia juu ya magenge, ikiteremsha magogo ya mierezi kutoka msituni hadi kwenye reli. Mafundi wa siku zile waliiona kuwa ajabu ya uhandisi. Ukitazama jinsi msitu ulivyopungua Shume, na misonobari ya kupandwa iliyochukua nafasi yake, utaelewa kwamba ajabu hiyo ilifanya kazi sawasawa. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka Wilhelmstal, na kazi ya kukata miti haikufa na utawala wa Wajerumani.

Tunapita haraka vijiji vya katikati, si kwa kuwa havina habari, ila kwa kuwa Mlalo yatungoja. Mlalo haiko ukingoni. Iko katika bakuli kubwa la vilima, na mtu huitazama kutoka juu kabla ya kuifikia. Mwaka 1891 Wajerumani wa misheni ya Betheli walianza kazi hapo, na mmoja wao alikuwa Ernst Johanssen. Jina hilo si geni kwa wasomaji wetu wa Kirinda: ni yuleyule aliyefika hapa Rwanda mwaka 1907 kuanzisha misheni ya kwanza ya Kiprotestanti. Mwenzake Karl Roehl, aliyefanya kazi katika nchi zote mbili, ndiye aliyetunga sarufi ya Kishambaa iliyochapishwa mwaka 1911, na baadaye akatafsiri Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1937, ile iliyojaribu kupunguza maneno ya Kiarabu na kutumia zaidi yenye asili ya Kibantu. Twapenda kudhani kwamba masikio yaliyochagua maneno yale yalizoezwa kwanza na Kishambaa cha Mlalo. Hilo lingefaa kuwa tasnifu ya mtu.

Katika miteremko hiyohiyo ya Mlalo serikali ya Waingereza ilianzisha mwaka 1946 mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Watu wakaagizwa kujenga matuta katika mashamba yao, na wasiojenga wakatozwa faini. Aliyeangalia kutoka kilimani, ofisa na ramani yake, aliona udongo unaoteremka na maji. Aliyekuwa shambani, na mara nyingi alikuwa mwanamke, aliona kazi ngumu isiyo na mwisho, na ardhi yake ikipunguzwa ilhali ile bora ya nyikani ilikwisha kuchukuliwa. Alihofu pia kwamba shamba likishapangwa na serikali si lake tena. Mpango ulienezwa Usambara yote, ukapingwa Usambara yote, na katika miaka ya mwisho ya ukoloni ukaachwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, hilo hatulikatai. Lakini waliojua kuilima miteremko ile tangu enzi za Mbega hawakuulizwa.

Mwisho wa njia ni Mtae, na hapo ukingo warudi kwa nguvu zake zote. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, nyumba zimepangwa kufuata njia moja, na pande zote mbili ardhi inaanguka. Kaskazini ni mbuga ya Mkomazi na nchi ya Kenya, magharibi ni milima ya Upare, na asubuhi zisizo na mawingu Kilimanjaro huonekana. Wageni huja kwa ajili ya hiyo Kilimanjaro, nayo mara nyingi hujificha. Wenyeji hutazama chini zaidi. Wenye mashamba ya nyikani huteremka asubuhi na majembe na kupanda tena na mizigo kichwani, kama babu zao walivyofanya, ukosefu wa mvua ukiwafundisha upande wa kutegemea mwaka huu.

Wanafunzi watakaopata nafasi ya kwenda wachukue kitabu pamoja nao, si kwa kukisoma chote, bali zile sura za Semboja na Shekulwavu, na wazisome Irente kwanza kabla ya kuendelea mbele. Sweta ni lazima hata kama Mombo ni joto. Na wajue kwamba basi la kurudi kutoka Mtae kwa kawaida huondoka alfajiri, kungali na giza, hivyo anayetaka kuuona ukingo na aufikie jioni ya siku iliyotangulia.